Chini ya Jina la Mama

Kasongo, tarehe 5 Agosti 2024

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Mimi niko muzima, na Mama Marie iko muzima, ni mugongo tu unaomusumbua siku za soko. Nakuandikia kwa sababu antena ya huko bado imelala. Na hata ingesimama, unajua mimi kwa simu huwa nabaki nasema "ndiyo, ndiyo" mpaka yuniti zinaisha. Kwa karatasi nasema vizuri zaidi.

Nimepata kazi ya likizo. Ni kwenye ofisi ya mradi wa mbegu, ule unaoandikisha akina mama wa mashamba, huku Kasongo na huko Kabambare. Mwalimu wetu wa informatique, somo la kompyuta, ndiye aliyetupeleka, mimi na Hervé, mwenzangu wa darasa. Mukubwa wetu anaitwa Monsieur Blaise. Anaongea polepole, na hakuna kitu anachochukia kama mutu anayepiga kibodi kwa nguvu.

Nikuelezee kazi yenyewe, maana najua utauliza. Wale walioenda vijijini walirudi na orodha tatu: ya akina mama, ya watoto, ya mashamba. Kila orodha iko peke yake, ndefu kama barabara ya Nyangwe. Ukisoma jina la mutoto hujui ni wa nani. Ukisoma shamba hujui nani analilima. Sasa Monsieur Blaise anatufundisha kuziweka pamoja kwenye fomu moja ndani ya kompyuta. Juu unaona mama mumoja: jina, kijiji, kazi. Chini yake, upande wa kushoto, watoto wake. Upande wa kuume, mashamba yake. Ukibonyeza mushale, mama huyo anaondoka, anakuja mwingine, na watoto wake na mashamba yake yanamufuata. Hawachanganyiki. Kinachowashika ni namba ya nyumba. Imeandikwa kwa mama, imeandikwa tena kwa kila mutoto na kila shamba, na kompyuta yenyewe inatafuta zinazofanana.

Mimi ndiye niliyefaulu wa kwanza, Mama. Monsieur Blaise aliita wengine waje waone, na mimi nikaangalia chini ya meza.

Kwa hesabu ya watoto ndiyo watajua nyumba inapata mbegu kiasi gani, karanga na mupunga, na majembe pia.

Kuna jambo moja dogo. Musafiri, yule wa pikipiki, akileta tena mufuko wa karanga, asipitie ofisini. Aupeleke nyumbani kwa Mama Marie. Pikipiki yake inapiga kelele sana.

Binti yako,
Olga


Kabambare, tarehe 16 Agosti 2024

Olga mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, kisha nikaisoma tena kwa sauti wadogo zako wasikie. Gédéon akasema juu ya dada yake mukubwa, "Yaya anajigamba." Nikamufukuza aende kuchota maji.

Hiyo fomu yako nimeielewa kuliko unavyofikiri. Ni kama mimi nikitoka shamba jioni: mimi mbele, watoto nyuma, kila mumoja na jembe lake begani. Mutu anayetukuta njiani haulizi hawa ni wa nani.

Na mimi niko humo! Yule dada aliyekuja kuandika alikaa jikoni kwangu, akauliza watoto wangapi. Nikasema tano. Nikaanza na wewe, kisha Laura, kisha Gédéon, kisha mapacha. Akaandika wote. Akauliza kazi, nikasema shamba, na wakati wa kiangazi kutwanga mawe ya dhahabu kule Salamabila. Hiyo pia akaandika. Basi siku nitakapopita kwenye mashini yako, uniangalie vizuri, uniambie kama napendeza.

Sasa nikukumbushe kitu, maana naona mujini watu wanasahau. Kila mutoto wa nyumba hii ana musitari wake wa karanga, na wako ndio wa kwanza kutoka njiani. Tangu nilipokupa kwa dada yangu Marie ukiwa mudogo, ili nyumba yake isikae kimya bila mutoto na wewe usome, hakuna musimu nimeuruka. Ule mufuko si zawadi. Ni mavuno yako. Kwa hiyo habari ya Musafiri siielewi. Yeye anasema alifika kwenye geti la ofisi, akakusalimu kwa Kibangubangu, lugha yetu, na wewe ukamujibu kwa Kifaransa. Anacheka, anasema labda ulimuchukua kama mukubwa fulani. Mimi nikasema ni haya zako tu. Tangu utoto wewe ni wa kujificha nyuma ya kikwembe changu.

Musalimie dada yangu. Mwambie asibebe beseni kwa kichwa mugongo ukiuma.

Mama Olga


Kasongo, tarehe 25 Agosti 2024

Mama,

Jambo. Nimekuona kwenye fomu. Unapendeza. Mashamba yako yote mawili yameandikwa, lile la mutoni na lile la njia ya Lusangi.

Nakuuliza kitu, ni swali la kazi tu. Mutoto akiwa analala kwa mutu mwingine, anakula huko, anasoma huko, wewe ungemuandika kwa nani? Monsieur Blaise anasema mutoto mumoja asionekane chini ya mama wawili. Kwa Kifaransa wanaita doublon, yaani mutu ameandikwa mara mbili. Inabidi atoke upande mumoja.

Usijibu haraka. Shule inaanza, nitakuwa naenda ofisini mchana tu, sitapata nafasi ya kuandika sana.

Karanga zimefika. Ni nzuri.

Olga


Kabambare, tarehe 10 Septemba 2024

Olga mwanangu,

Kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa.

Swali lako nalijibu kabla halijapotea. Mutoto anaandikwa kwa mama yake. Na yule anayemulea, aandikwe kwamba anamulea. Kwani karatasi ni fupi?

Sasa habari. Juzi watu wa mradi walikuja na mashini yao, wakafunga turubai mbele ya ofisi ya chefu. Kijiji kizima kilikuwa pale. Anayesoma anaitwa Monsieur Gérard, mutu mwembamba wa miwani. Wanaita mama mumoja mumoja, anataja watoto wake, Gérard anaangalia kwenye mashini, anasema "sawa," mama anapewa jetoni ya kuchukulia mbegu. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimevaa kile kikwembe cha Pasaka.

"Mama, watoto wangapi?"

"Tano."

"Hapa naona wanne."

"Tano, Monsieur. Angalia tena. Wa kwanza ni Olga."

Akageuza mashini nione. Mwanangu, niliona. Jina langu juu. Mashamba yangu kuume. Na kushoto watoto: Laura, Gédéon, mapacha. Kisha peupe.

Nikasema mashini imekosea. Yeye akasema, "Mama, mashini haizai wala haiziki, inaonyesha tu." Watu wakacheka. Nikasema, binti yangu anafanya kazi kwenye mashini kama hiyo, Kasongo, kwenye ofisi yenu wenyewe! Hapo ndipo walicheka kabisa. Gérard si mutu mubaya. Akasema, basi tuulize. Wana kile chombo chao cha kuongea bila antena. Akapiga Kasongo: huko kwenu kuna Olga, mutoto wa Célestine wa Kabambare? Sauti ya kijana ikajibu, ngoja kidogo. Tukangoja. Kisha ile sauti ikarudi: "Olga wa hapa ni mutoto wa Mama Marie wa Kasongo. Majina yamefanana tu."

Zuberi, yule muuza chumvi, ndiye aliyepaza sauti: "Haya, Mama Olga! Sasa tukuite Mama Nani?"

Unajua huku hakuna anayeniita Célestine. Tangu siku ile uliyozaliwa mimi ni Mama Olga, kwa padri, kwa shemeji, mutoni, kila mahali. Nilisimama pale na jina langu lote limeshikwa na watu kama nguo iliyoangukia njiani. Gérard akanitoa kwenye musururu. Ameniandika kwenye karatasi ya wale walioongeza watoto wapate mbegu nyingi. Walio kwenye karatasi ile hawapati hata punje. Mwisho wa mwezi huu inaenda Kindu, na ikienda, haibadiliki.

Mimi najua hawakukuuliza wewe. Ulikuwa shuleni, ama ulitumwa sokoni. Yule kijana alijibu kwa uvivu wake tu. Kwa hiyo nenda kwa huyo Monsieur Blaise, umwambie. Najua unaogopa kusema mbele ya watu. Lakini si hotuba. Sema "ni mama yangu," imeisha.

Mama Olga


Kasongo, tarehe 17 Septemba 2024

Mama,

Aliyeulizwa ni mimi. Naandika hilo kwanza, maana nikilichelewesha sitaliandika.

Sikuwa shuleni wala sokoni. Nilikuwa nimekaa pale pale. Hervé ndiye alikuwa na chombo mukononi, akanigeukia: "Olga, kuna mama huko Kabambare anasema wewe ni mutoto wake." Wote wakageuka. Mimi nikaangalia kibodi. Sikusema hapana. Sikusema kitu. Hervé akangoja, akatabasamu, kisha akasema ndani ya chombo yale maneno uliyoyasikia. Kwa upande wenu nilisikia kelele kidogo, kama watu wengi wanacheka mbali. Sikujua wanamucheka nani. Hapana, Mama, nilijua.

Na mashini haikunimeza. Ni mimi.

Siku tulipounganisha orodha za Kabambare, mimi nilikuwa nabonyeza mushale, na Hervé anasoma. Mama mumoja anapita, mwingine anapita. Halafu ukaja wewe. Jina lako juu. Kazi: shamba, kutwanga mawe. Hervé akasoma kwa kuigiza, akayavuta maneno kama watu wa kwetu: "Kutwaaanga maweee." Watu wakacheka ofisini. Mimi pia nilicheka, Mama. Sikucheka nyuma yao. Nilicheka wa kwanza, ili nisiachwe. Kisha akaona watoto: "Eh, kuna Olga mwenzako humu! Na mumezaliwa mwaka mumoja." Nikasema majina ni mengi. Nikabonyeza mushale haraka, mama mwingine aje.

Nikangoja aende kula. Nikafungua fomu ya Mama Marie. Pale pia nilikuwepo, chini yake, peke yangu. Mahali pa kuandika mimi ni nani kwake, yule aliyekuja kuandika aliandika sawasawa: "mutoto wa dada." Nikafuta "wa dada." Ikabaki "mutoto." Kisha nikarudi kwenye fomu yako, nikachagua jina langu, nikafuta. Kompyuta iliuliza kama inavyouliza kila mara: una hakika? Nikajibu ndiyo. Wadogo zangu wakapanda juu, wakaziba pengo. Laura akawa muzaliwa wako wa kwanza. Haikupiga hata kelele.

Kwenye ripoti niliandika "doublon." Ni kanuni, mutoto ahesabiwe anapolala. Hakuna mutu angeweza kunishitaki, na Monsieur Blaise alisaini. Hiyo ndiyo inanichoma kuliko yote. Kanuni ilikuwa upande wangu, na mimi sikuwa nafikiri kanuni hata kidogo. Nilikuwa naogopa Hervé ajue kwamba mawe yale yanatwangwa na wewe.

Shuleni wote wanaamini Mama Marie ndiye alinizaa. Sikuwahi kulisema kwa mudomo. Mwaka wa kwanza wa sekondari mwalimu alisema, "Olga, mama yako amefika," nikatoka nje, alikuwa Mama Marie, na nikanyamaza. Basi. Nimejifunza hivi: ukiwa mutu wa haya, ukinyamaza tu, watu wanakumalizia uongo wako wenyewe. Wewe huna hata kazi ya kuusema.

Na Musafiri, mwambie sikumuchukua kama mukubwa. Nilimusikia vizuri. Alinisalimu kwa lugha yetu, akauliza kama bado naogopa kinyonga, na Hervé alikuwa nyuma yangu. Ndiyo maana nilijibu Kifaransa.

Habari ya karatasi ya waongo sikuijua, naapa. Lakini nisijitetee. Nilijua utapunguziwa mbegu. Nilisema moyoni, ni kidogo tu.

Sijaenda bado kwa Monsieur Blaise. Nimefika mulangoni kwake. Mulango wake uko wazi siku zote, ndiyo shida yenyewe. Ungekuwa umefungwa ningejua la kujidanganya.

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika "binti yako" hapa chini.

Olga


Kabambare, tarehe 24 Septemba 2024

Yaya,

Ni mimi Gédéon. Mama haandiki. Yeye hajui kama naandika mimi, kwa hiyo usimwambie.

Musafiri alileta barua yako mpaka shambani. Mama akaisoma amesimama, jembe amelilaza chini. Aliisoma muda murefu. Nikamuuliza, "Yaya anasema nini?" Akasema, "Anasema iko muzima." Akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe, akaendelea kulima.

Laura ndiye aliyeiona wakati wa kufua. Tumeisoma wawili. Laura analia. Mimi silii, mimi nimekasirika. Nilikuwa najigamba nawe darasani, nasema Yaya wangu iko na kompyuta. Sasa watoto wa Zuberi wananiambia, "Yaya wako wa hewa." Nimepigana na mumoja. Shati limepasuka, nimemwambia Mama ni muti.

Nikuambie kitu ambacho hujui kwa sababu uko mbali. Mutoni sasa akina mama wanamuita Mama Laura. Mwanzo walikuwa wanamuita hivyo kwa kumucheka, na yeye alikuwa hageuki. Siku hizi anageuka.

Mbegu tunazo zile za zamani tu, panya wamekula nyingi. Majembe ya mradi wengine wameshapewa, mapya, yanang'aa. Mapacha wanaenda kuyaangalia kwa jirani, wanayashika.

Nilitaka kukuuliza: kalamu unayoandikia Kifaransa, unafikiri ilitoka wapi? Si ilitoka kwenye yale mawe? Mimi nimeenda naye kiangazi hiki. Anatwanga tangu asubuhi, vumbi linamukaa kwenye nyusi anakuwa kama bibi mzee. Halafu njiani anatuambia, "Yaya wenu anasoma."

Usiku mwema. Sijui kama nakuheshimu leo, labda kesho.

Gédéon

Laura anasema niandike kwamba na yeye anakusalimu. Mimi nimemwambia aandike mwenyewe.


Kasongo, tarehe 30 Septemba 2024

Mama,

Nimepata habari za nyumbani. Usiulize kwa nani.

Nilizisoma juzi asubuhi, na mchana niliingia kwa Monsieur Blaise kabla miguu haijafikiri. Hervé alikuwa pale, na Monsieur Gérard pia, amerudi kutoka huko, bado ana vumbi la njia kwenye miwani.

Nikasema, "Monsieur, ni kuhusu yule mama wa Kabambare."

"Yupi?"

"Yule wa watoto tano."

Hervé akadakia, "Wanne!"

"Tano," nikasema. "Wa kwanza ni mimi."

Sauti ilikuwa ndogo sana. Monsieur Blaise aliweka mukono kwenye sikio: "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, Gérard asikie." Nikasema yote, Mama, mutoto wa dada, kufuta, chombo, kunyamaza. Nilikuwa nimejiandaa Hervé acheke. Hakucheka. Alisema tu, "Kwa hiyo ile siku ya mawe..." hakumalizia, akatoka nje akasimama kwenye varanda. Kicheko kingekuwa rahisi kuliko vile.

Monsieur Blaise hakufoka. Anakasirika polepole kama anavyoongea. Akasema, "Nilikufundisha kuweka watu pamoja. Ukaenda ukawatenganisha, na mimi nikasaini." Kisha akauliza, wengine tuliowafuta kama doublon ni wangapi. Tukaanza kuwapitia. Watoto wanaolelewa na bibi zao, na shangazi zao, na wajomba zao, wengi, Mama, na wengine mama zao wako kwenye karatasi ile ile uliyoandikwa wewe. Wale wengine hakuna mutu aliyewafuta kwa aibu. Walifutwa kwa kanuni tu. Lakini mama zao walisimama kwenye musururu kama wewe.

Nikamwambia jibu lako: mutoto aandikwe kwa mama yake, na anayemulea aandikwe kwamba anamulea, kwani karatasi ni fupi? Gérard ndiye aliyesema, "Huyo mama nilimutoa mimi kwenye musururu." Monsieur Blaise akavuta kiti, akafungua fomu, na sasa chini ya jina la kila mama kuna orodha tatu: mashamba, watoto wanaolala hapa, na watoto wangu wanaolelewa pengine. Mutoto anaweza kuonekana kwa mama wawili bila yeyote kuitwa muongo, kwa sababu imeandikwa ni nani kwa kila mumoja. Akasema, "Mwambie mama yako karatasi si fupi."

Mbegu watakupa za watoto wanne, maana mimi nakula huku. Nilitaka ujue, usije ukangoja zaidi. Lakini jina lako limetoka kwenye ile karatasi, na karatasi iliyokwenda Kindu leo haina wewe.

Mama Marie nilimwambia jioni ile. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema, "Dada yangu alinipa mutoto nikae naye. Hakunipa nafasi yake. Wewe ulinipa kitu ambacho sikuomba, na ulikitoa kwa mutu asiyejua." Tangu siku hiyo ananiamsha asubuhi kwa kusema, "Mutoto wa dada, amka." Sijui kama ananichokoza ama ananirekebisha. Naamka tu.

Kibodi nimenyang'anywa. Sasa Hervé anaandika, mimi napanga karatasi. Ni haki. Lakini Jumamosi tarehe 12 gari la mradi linakuja huko Kabambare kusoma upya majina ya wote walioandikwa vibaya, mahali pale pale, chini ya turubai. Monsieur Blaise anasema fomu yako atasoma yule aliyeiharibu. Mbele ya watu. Kwa sauti.

Naogopa tangu aseme hivyo. Si kwa ajili ya watu, ama si kwa ajili yao peke yao. Sijui kama wewe unataka nije. Kama hautaki, usijisumbue kuandika. Mwambie Musafiri tu. Akija huku akanipita bila kunisalimu, nitaelewa.

Olga


Kabambare, tarehe 6 Oktoba 2024

Olga,

Barua zako mbili nimezisoma. Ile ya kwanza bado inaniuma, sitakudanganya. Nilipofika pale ulipocheka, nilirudi juu nianze tena, nione kama nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya uchungu huo, na kwa sababu ya mukono. Labda umeona mwandiko wangu siku hizi unaanguka. Vidole vya kuume havifungi vizuri, ni yale mawe. Sikutaka kukuambia, ungekuwa na wasiwasi kwenye mitihani.

Wadogo zako niliwaambia uko muzima, na nilikuwa nafikiri wanaamini. Gédéon anajifanya hajui kitu. Musafiri anasema bahasha ya mwezi uliopita ilikuwa na mwandiko wa kuku. Mutu mumoja tu wa nyumba hii anaandika hivyo.

Musafiri nimemutuma akusalimie kwa lugha yetu. Utaona mwenyewe la kujibu.

Jumamosi uje. Usisome kwa ile sauti yako ya kifuani. Zuberi atakaa mbele kabisa, nitamuwekea kiti mimi mwenyewe. Anza na jina langu. Kisha kazi yangu, uisome yote, na ukifika kwenye mawe usipite haraka. Kisha ndipo usome watoto.

Mvua zimeanza. Nimepanda musitari wa Laura, wa Gédéon, wa mapacha. Wako nimeulima, nimetoa majani, udongo umelainika vizuri. Lakini sikutia mbegu. Karanga zake ziko kwenye kopo, juu ya jiko, panya wasifike.

Uje na nguo ya shamba.

Mama Olga